Omba karatasi, usiombe maelezo

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kaandika ofisini kuomba taarifa, na ofisi ikanyamaza. Jambo hili naliona kama langu. Nimefanya kazi masjala miaka 29, yote hapa mkoani Tabora. Nilianza na mashine ya chapa yenye utepe wa wino, nikastaafu nikiwa naingiza barua kwenye kompyuta. Barua za wananchi zimepita mikononi mwangu kwa maelfu, na nimeziona zinapokwama. Nimechagua maswali machache, na la kwanza nitalijibu kwa urefu, maana ukilielewa hilo mengine yanafunguka.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Kaliua. Kijijini kwetu ulikuja mtambo, wakachimba kisima karibu na shule ya msingi, wakafunga pampu wakaondoka. Maji yalitoka wiki mbili tu. Nilimwandikia Mkurugenzi barua ya kurasa tatu nikaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na jinsi wake zetu wanavyoamka saa tisa usiku kwenda kugombea maji ya kisima cha kienyeji. Huu mwezi wa tano sijajibiwa. Nakala ya barua nimekuwekea. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya akina mama wa saa tisa usiku imenikaa moyoni. Ngoja nikusimulie ilikopita, kwa sababu njia hiyo naijua kwa miguu yangu.

Inafika masjala. Karani anaigonga muhuri wa tarehe, kisha anatazama mstari mmoja tu: Yah. Wewe umeandika "Yah: Malalamiko kuhusu shida ya maji." Basi, kwa neno hilo, barua imekwishapata jalada lake, nalo ni jalada la malalamiko, nene kuliko yote kabatini. Inapanda kwa mkuu. Mkuu anaandika pembeni, "Afisa husika, fuatilia." Afisa anasoma kurasa tatu akitafuta anachotakiwa kutoa. Anaona uchungu, anaona historia, anaona majina ya viongozi watatu waliopita, lakini haoni mahali ulipoandika "naomba nipewe hiki." Anaandika, "Imeonekana. Ihifadhiwe." Barua inateremka masjala na kulala. Inawezekana kabisa hakuna aliyekuchukia humo ndani. Barua haikumwachia mtu yeyote kazi ya mikono.

Hili nililijua nikiwa nimechelewa, na lililonifundisha linaniuma mpaka leo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, mzee mmoja alikuwa akija kwa baiskeli kila mwisho wa mwezi kufuatilia barua yake ya kurasa sita. Miembe yake ilikatwa kupisha barabara, naye alisema fidia haikuwa sawa. Kila mwezi nilimjibu, "Bado inashughulikiwa, mzee wangu." Mwaka ukazunguka. Siku moja, mvua imembana pale barazani, nikamuuliza, "Mzee, hivi unataka karatasi gani hasa?" Akajibu bila kufikiri, "Nataka ile waliyoandikia hesabu ya miti yangu." Karatasi hiyo ilikuwa kwenye jalada la tathmini, kabati la pili kutoka dirishani. Nililipita kila siku nikienda kuchemsha chai. Tukaandika barua fupi hapohapo, na wiki ya pili akapata nakala. Ilisema miti kumi na mmoja. Yeye alikuwa na kumi na tisa. Tangu siku hiyo hakuwa tena mzee anayelalamika. Alikuwa mtu mwenye karatasi inayosema kumi na mmoja na shamba lenye visiki kumi na tisa. Mwaka mzima alioupoteza ulitokana na swali ambalo sikumuuliza.

Kwa hiyo nakuomba ushike hili: omba kitu ambacho karani anaweza kukitoa kabatini kwa mkono wake. Ukiuliza "kwa nini kisima hakitoi maji?", hakuna jalada lenye jina hilo. Lakini kisima cha umma huacha karatasi nyuma yake kama nyoka anavyoacha mburuzo mchangani. Kuna mkataba wa mkandarasi. Kuna ripoti ya uchimbaji inayosema walishuka mita ngapi na kisima kilitoa lita ngapi kwa saa siku ya kukipima. Kuna majibu ya maabara ya ubora wa maji, hati ya makabidhiano yenye sahihi za waliopokea, na hati za malipo. Ripoti ya uchimbaji peke yake inaweza kukuambia mengi kuliko mikutano mitatu: kama kisima kilionekana kina maji kidogo tangu siku ya kwanza na bado kikafungwa pampu, utaliona hapo, kama maji yalikuwa mengi, basi tatizo ni pampu au ufungaji, na hapo pana mtu aliyesaini kupokea.

Jambo la pili ni anwani. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, wenye meneja wake wilayani. Ukimwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kuhusu kisima, unamwomba mtu ambaye huenda karatasi hizo hazimo kwenye makabati yake. Barabara za vijijini ni vivyo hivyo, tangu 2017 ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Nakala mpelekee Mkurugenzi, lakini barua yenyewe iende kwa mwenye jalada.

Mimi ningeiandika hivi:

*Meneja wa Wilaya,*
*Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA),*
*Kaliua.*

*Yah: Ombi la nakala za nyaraka za kisima cha Kijiji cha (jina), Kata ya (jina)*

*Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kijiji kilichotajwa. Kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo za kisima kilichochimbwa jirani na shule ya msingi kati ya mwezi (jina) na mwezi (jina), mwaka (tarakimu):*

*1. Mkataba wa uchimbaji na ufungaji wa pampu.*
*2. Ripoti ya uchimbaji, ikiwa na kina cha kisima na matokeo ya kupima wingi wa maji.*
*3. Majibu ya vipimo vya ubora wa maji.*
*4. Hati ya makabidhiano ya mradi.*

*Ikiwa yoyote kati ya hizi iko ofisi nyingine, naomba nitajiwe ofisi hiyo kwa maandishi. Ikiwa kuna gharama ya kurudufu, naomba nijulishwe kiasi mapema. Nitafika mwenyewe kuchukua. Namba yangu ya simu ni hii hapa chini.*

Jina, sahihi, tarehe. Ukurasa mmoja na nafasi inabaki.

Umeona nimeandika "raia"? Sheria hiyo imempa haki hii raia, na inatumika Tanzania Bara, neno moja linakuondolea swali la "wewe ni nani." Umeona nimezipa nyaraka namba? Afisa akiwa na shaka na namba 1, bado namba 2, 3 na 4 zinasimama zenyewe. Ukizichanganya zote kwenye sentensi moja, shaka ya moja inazamisha zote. Umeona pia sikuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu"? Najua tulifundishwa hivyo shuleni. Haina dhambi, ila haimwambii msomaji chochote ambacho Yah. haikumwambia.

Na akina mama wa saa tisa usiku? Usiwafute kwenye maisha ya kijiji, waondoe kwenye barua hii tu. Waandikie barua yao, mpe diwani, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo utakuwa na ripoti ya uchimbaji mkono wa kulia na habari zao mkono wa kushoto.

Mwisho kwako: chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo urudi nayo nyumbani uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Sheria imewapa siku zisizozidi 30 kukujibu tangu walipoipokea. Bila muhuri huo, siku zako 30 hazina mwanzo. Karani akisema "acha tu, tutaigonga baadaye," mjibu kwa upole kwamba utasubiri. Nimekaa upande ule wa dirisha, najua kugonga muhuri hakuchukui hata dakika moja.

SWALI: Mama, sisi ni kikundi cha wanawake Ujiji, tunakamua mawese na kutengeneza sabuni. Tuliomba mkopo wa asilimia kumi, tukakosa. Tunaambiwa fedha ziliisha. Tunataka kuandika barua tuulize kwa nini tumenyimwa kwa upendeleo, na watupe orodha ya watu wote waliopewa, na namba zao za simu tuwaulize wenyewe. Tuiandikeje?

JIBU: Wanangu, hongereni kwa kazi, sabuni ya mawese ya Kigoma nimeitumia tangu usichana. Fedha mnazozisema ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, zinazogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za umma, kwa hiyo kuuliza zilikokwenda ni haki yenu. Lakini barua mliyoifikiria ina milango miwili ya kuwafungia nje, na mmeijenga wenyewe.

Mlango wa kwanza ni namba za simu. Faragha ya mtu ni moja ya sababu ambazo sheria inaruhusu kuzuia taarifa. Mkiomba majina ya wanachama na simu zao, afisa atawajibu kwamba hawezi kutoa habari binafsi za watu, na atakuwa na haki. Kisha kwa sababu hiyohiyo atawanyima hata yale ambayo si ya mtu binafsi. Ombeni hivi: "jina la kila kikundi kilichopata mkopo, kata kilipo, kiasi kilichopewa na tarehe ya kupewa." Hapo hakuna siri ya mtu. Simu hamzihitaji, Ujiji mkijua jina la kikundi na kata, kufika jioni mtakuwa mmekaa nao.

Mlango wa pili ni neno "upendeleo." Sisemi halikuwepo. Nasema mkiliandika, barua imekuwa tuhuma, na tuhuma huenda kwa mwanasheria kabla ya kufika kwa mwenye jalada. Iacheni orodha iseme yenyewe. Mahali pa "kwa nini tumenyimwa" andikeni: "nakala ya sehemu ya muhtasari wa kikao kilichojadili maombi ya mikopo, inayohusu ombi la kikundi chetu, pamoja na vigezo vilivyotumika." Kikao kilikaa, mtu aliandika. Hicho ndicho mnachokitaka.

Na angalieni mwaka. Mkiandika "mwaka jana" mtapata jibu la kuwachanganya, kwa sababu hesabu za serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Mkopo wa Machi na mkopo wa Septemba wa mwaka mmoja wa kalenda umo kwenye vitabu viwili tofauti. Andikeni mwezi na mwaka wa kuanzia, mwezi na mwaka wa kuishia. Nimeona watu wakiambiwa "hakuna kumbukumbu hiyo" na waliowaambia hawakusema uongo, waliangalia kitabu cha mwaka mwingine.

Kabla ya kuandika, mmoja wenu apite kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na atazame ubao wa matangazo wa halmashauri. Huenda orodha ipo hapo tangu zamani.

SWALI: Shikamoo. Nipo Kasulu. Niliomba nakala ya mapato na matumizi ya ujenzi wa madarasa mawili ya shule wanayosoma wanangu. Niliandika vizuri tu, nikataja nyaraka. Nilipofuatilia nikaambiwa kwa mdomo, "Hizo ni siri za serikali." Nimekwisha?

JIBU: Marahaba, hujakwisha. Kwanza, "siri" ya mdomoni haihesabiki. Sheria imetaja aina za taarifa zinazoweza kuzuiwa: zinazogusa usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, na nyingine chache. Bei ya saruji na mabati ya madarasa mawili sijui ataiweka kwenye fungu gani. Kwa hiyo rudi na barua ya mistari mitatu: taja barua yako ya kwanza kwa tarehe ya muhuri, sema umejibiwa kwa mdomo tarehe fulani, kisha andika, "Naomba uamuzi huo kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika kukataa." Mara nyingi barua hii fupi hufanya kazi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa mtu anatakiwa kuweka sahihi yake chini ya neno "siri."

Wakikataa kwa maandishi, una siku 30 za kuomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo, na usiporidhika naye unaweza kukata rufaa kwa Waziri. Usizichezee hizo siku. Zikipita wanakufungia kwa tarehe, wala hawatajadili madarasa tena.

Ipo pia njia ya karibu. Ikiwa fedha au nguvu kazi zilipitia serikali ya kijiji, taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kusomwa mbele ya wanakijiji kwenye mkutano mkuu. Nyoosha mkono pale, omba isomwe, na omba swali lako na jibu vyote viandikwe kwenye muhtasari. Siku nyingine utaomba nakala ya muhtasari huo.

Na ukishapewa, itunze kama ilivyo. Sheria hiyohiyo imekataza kupotosha taarifa uliyopewa. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, tuma kurasa zote, usikate ukurasa unaokufaa ukaacha unaoeleza.

SWALI: Mama, mimi ni kijana wa Nzega. Rafiki yangu anasema barua ya Kiingereza yenye vifungu vingi vya sheria inaogopwa, inajibiwa haraka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Andika Kiswahili, kwa mkono wako kama huna kompyuta, mwandiko usomeke. Taja sheria mara moja, jina na mwaka; ukitaka kuongeza, taja Ibara ya 18 ya Katiba inayotupa haki ya kutafuta na kupokea habari. Zaidi ya hapo barua inaanza kuhubiri, na nyaraka unazoomba zinafukiwa chini ya vifungu.

SWALI: Nimeandikiwa barua hii na mjukuu wangu. Mimi ni bibi wa Sikonge, sikusoma. Shamba langu walilipima nikapewa hati ya kimila. Hati imeliwa na mchwa ndani ya sanduku. Jirani sasa anasogeza mpaka. Nataka kuomba ofisi inionyeshe walivyoandika, lakini naambiwa mpaka niandike barua. Nami kalamu siijui.

JIBU: Shikamoo bibi yangu. Pole kwa hati, na pole kwa jirani.

Walilokuambia si sahihi. Sheria ya 2016 imekukumbuka wewe kwa makusudi: mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa wa ofisi ndiye anayetakiwa kuliandika ombi hilo na kumpa mwombaji nakala yake. Hiyo ni kazi yake, hakufanyii hisani.

Na mchwa hawakula kila kitu. Hati ya hakimiliki ya kimila inapotolewa, habari zake huandikwa kwenye daftari la ardhi ya kijiji, linalotunzwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, na kumbukumbu nyingine hubaki masjala ya ardhi ya wilaya. Anza na mtendaji. Nenda asubuhi, na mjukuu awe pembeni yako asikilize wanachoandika. Usianze na habari za jirani. Ukianza naye watakupeleka baraza la ardhi kabla hujaiona karatasi. Sema maneno haya tu, mjukuu akufundishe uyakariri njiani:

"Mwanangu, mimi ni fulani binti fulani, shamba langu liko kitongoji fulani, lilipimwa mwaka fulani. Sijui kuandika. Naomba uandike kwamba nimeomba kusomewa, na kupewa nakala ya ukurasa wa daftari la ardhi ulioandikwa shamba langu pamoja na mipaka yake."

Akishaandika, mwambie akusomee kwa sauti. Ukisikia limeachwa neno "mipaka," mwombe aliongeze kabla hujaweka dole gumba.